Kuhama Windows, Google na WhatsApp: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nina steshenari na meza ya ufundi wa kompyuta jirani na chuo, hapa Morogoro. Tangu Windows 10 iachwe na wenyewe, naulizwa maswali yaleyale na wanafunzi, walimu, makatibu wa vikundi na mama mmoja mwenye duka la dawa. Kujibu mmoja mmoja huku foleni ya kuprinti inanitazama kumenishinda, ndiyo maana nimeyaandika. Niseme mapema jambo ambalo majibu mengi yatalirudia: ukijiona umefungwa na kampuni kubwa, mara nyingi kamba ni mbili, faili zako na watu wako. Faili unahama nazo peke yako usiku mmoja. Watu ni habari nyingine.

Programu huria ndiyo nini?

Kama kompyuta yako ina VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani, tayari unaitumia. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha uhandisi huko Ufaransa, na tangu 2001 msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Hata simu yako ya Android, ukichimba hadi chini, inaendeshwa na Linux, kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991.

Hapa Kiswahili kimetupa msaada, maana tuna "bure" na tuna "huru", na hatuyachanganyi. WhatsApp ni ya bure lakini si huru, kwa sababu huruhusiwi kuifungua uone inafanya nini ndani. LibreOffice, programu ya ofisi inayofanya kazi za Word na Excel, ni ya bure na ni huru. Wahenga wakisema bure ghali, mimi huwa nauliza kwanza: ghali kwa nani, na inalipwa kwa nini?

Windows yangu ni ya kukraki na inafanya kazi. Tatizo liko wapi?

Sikuhukumu. Mimi mwenyewe nimepiga Windows za kukraki miaka mingi, na pesa hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya fremu hii. Ila kumbuka hatua ya kwanza ya kukraki: kale kaprogramu kanakuambia uzime kwanza antivairasi. Mgeni akikuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, kuna la kujiuliza.

Matokeo yake nayaona mezani. Mtu anachomeka fleshi, folda zote zimegeuka njia za mkato, na kila akibofya, vairasi anahamia kwenye mashine inayofuata. Mara nyingi faili zenyewe hazijapotea, zimefichwa tu. Ukichomeka fleshi hiyohiyo kwenye kompyuta ya Linux unaziona zimetulia, na vairasi yule kalala pembeni kama faili la kawaida kwa sababu ameandikiwa Windows. Mashine yangu ya kusafishia fleshi ni ya Linux kwa sababu hiyo hiyo.

Kompyuta yangu haikubali Windows 11. Niitupe?

Usiitupe. Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wakaongeza mwaka mmoja kwa waliojisajili. Windows 11 inadai kichipu cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Kwa Intel ni kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua, zile za maofisini Ulaya, ni kizazi cha nne, cha tano au cha sita. Ni mashine nzima, kibodi imara, na zimekataliwa kwa makaratasi tu.

Ninachowawekea watu ni Linux Mint, mfumo huria unaokaa mahali pa Windows. Inaridhika na ram ya GB 2, ingawa mimi nasema GB 4, na diski ya GB 20 inatosha kuanzia. Ukibadilisha diski ya zamani ya kuzunguka ukaweka SSD, mwenyewe utadhani umeuziwa kompyuta nyingine.

Nafanya hivi. Kwanza nakopi kila kitu cha mteja kwenye diski ya nje, kisha namkalisha aangalie mwenyewe kwamba picha zake zipo. Nilishawahi kuliruka hilo mara moja na sitaki kulisimulia. Faili la Mint ni karibu GB 3, kwa hiyo lipakue kwa waifai ya chuo au bando la usiku. Naliandika kwenye fleshi kwa programu ya Ventoy au Rufus, nazima mashine, naiwasha huku nikibonyeza F9 kwa HP, au F12 kwa Dell na Lenovo, nachagua fleshi. Hapo Mint inafunguka kutoka kwenye fleshi yenyewe bila kugusa chochote ndani. Kaa nayo nusu saa. Jaribu sauti, kamera, waifai na printa. Kila kitu kikiitika, ndipo ubofye kusakinisha.

Kinachosumbua mara kwa mara ni waifai, hasa mashine zenye kadi ya Broadcom. Dawa yake ni kuunganisha simu kwa waya wa USB, kuwasha kipengele cha kugawa intaneti, na kuiacha Mint itafute draiva yake. Inachukua dakika chache. Printa za HP zinakubali vizuri. Baadhi ya zile kubwa za kufotokopia zinahitaji uvumilivu.

Faili zangu za Word na Excel zitafunguka?

Zitafunguka kwenye LibreOffice, na huhitaji hata kuihama Windows ili kuijaribu. Swali hasa ni kama zitafunguka *vilevile*.

Mdogo wangu mmoja wa mwaka wa tatu alikuja na risachi kwenye fleshi, kurasa 64. Nikaifungua: kurasa 67, jedwali la sura ya nne limekatika katikati, jina la mchoro limebaki peke yake juu ya ukurasa unaofuata. Akashika kichwa. "Fundi, umeniharibia risachi." Tukaangalia. Aliandika kwa Calibri, fonti ya Microsoft ambayo mashine yangu haikuwa nayo, ikawekwa nyingine iliyo pana kidogo. Kidogo mara mistari elfu mbili ni kurasa tatu. Nikaweka Carlito, fonti huria iliyochongwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa Calibri, zikarudi 64. Kwa Times New Roman, ndugu yake anaitwa Liberation Serif, na huja na LibreOffice. Kilichobaki kimepinda kilikuwa kosa lake: vichwa vya habari alivisogeza katikati kwa kubonyeza spesi mara ishirini.

Kwa hiyo: kinachokwenda kuprintiwa, kihifadhi kama PDF. Kinachokwenda kwa msimamizi ambaye atakiandikia maoni pembeni, kitume kama docx, na maoni yake utayaona. Vyako vya kudumu vihifadhi kwa odt, muundo ulio wazi na uliosajiliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006. Excel zenye fomula za kawaida hazina neno. Zenye makro nzito, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili lenyewe, kama baadhi ya fomu za ofisini, hizo zijaribu kabla hujaahidi mtu chochote.

Wengi hawajui kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. OpenOffice ndiyo mama wa LibreOffice. Walitengana mwaka 2010. Maneno mengi ya kompyuta tunayoyabishania leo yalishabishaniwa na watu wale.

Kwa nini nisitumie Google Docs tu? Nayo ni ya bure.

Tumia, ila uwe na nakala mkononi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa na ikakaa siku kadhaa bila kurudi. Dada mmoja alikuwa na ripoti yake ya field yote huko juu na hakuwahi kuipakua hata mara moja. Laptopu anayo, umeme upo, na ripoti haipo. Waliokuwa wanaandika kwenye LibreOffice waliendelea kuandika.

Kazi yangu inahitaji SPSS, Photoshop, AutoCAD. Nitafanyaje?

Hapa nitakupa majibu tofauti.

SPSS, ile ya takwimu: hama leo. Nusu ya wanafunzi wanaokuja kwangu wanatumia ya kukraki inayogoma wiki ya kukusanya kazi. Jamovi, programu huria ya takwimu, inafungua faili zilezile za sav, ina vibonyezo vinavyofanana, na chini yake inaendeshwa na R, lugha ya takwimu inayofundishwa vyuo vikuu duniani kote. PSPP nayo ipo kwa wanaotaka kitu kilichofanana na SPSS hadi sura. Na kama dodoso lako unalikusanya kwa simu, huenda tayari unatumia KoboToolbox, ambayo ni huria.

Ramani za ardhi na mazingira: QGIS. Wanaosoma mambo ya misitu na maji wanaijua kuliko mimi.

Picha: GIMP inaweza mengi, lakini mbunifu wa kadi za harusi aliyezoea Photoshop miaka kumi atanichukia kwa mwezi mzima. Kwa michoro ya nembo, Inkscape ni nzuri bila kuomba radhi. AutoCAD na programu za uhasibu zilizofungwa kwenye Windows: baki. Yule mama wa duka la dawa nilimwambia abaki na Windows kwa mashine ya mauzo, na ile ya nyumbani anayotumia mwanawe tukaipiga Mint. Mseto si dhambi.

Nitatoaje picha na barua pepe zangu Google?

Kuna huduma yao inaitwa Takeout. Unachagua unachotaka, wanakuandalia mafurushi, unapakua. Namba za simu zinatoka kama faili la vcf ambalo karibu kila simu inalielewa. Fanya hivi hata kama huna mpango wa kuhama kwenda popote. Mteja wangu mmoja aliibiwa simu. Laini ilisajiliwa kwa jina la shemeji yake aliyekuwa safarini, nenosiri halikumbuki, na namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini hiyohiyo iliyoibiwa. Picha za mtoto tangu kuzaliwa. Tulihangaika siku nne na hatukufika kwa binadamu yeyote wa kuongea naye.

Kwa barua pepe, kuna watoa huduma kama Proton wa Uswisi na Tuta wa Ujerumani, ambao hawaishi kwa matangazo. Lakini kama una biashara, ushauri wangu ni mwingine: nunua jina lako la kikoa, la .co.tz kwa mfano, ulipie kila mwaka. Anwani ikiwa ni yako, ukichoshwa na mwenye seva unahamisha barua kwa mwingine, na wateja hawajui kama umehama. Anwani inayoishia kwa jina la kampuni ya watu ni sawa na kuandika namba ya simu ya jirani kwenye bango la duka lako.

Kwa kusomea barua, Thunderbird. Inashusha barua zote kwenye mashine yako, hata bando likiisha unazisoma.

Na WhatsApp?

Hili ndilo swali gumu, na mtu akikujibu haraka usimwamini.

Kwanza tumpe haki yake. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa teknolojia ya Signal, programu huria ya kutumiana ujumbe, tangu 2016, kwa hiyo maneno yenyewe kampuni haiyasomi. Kinachobaki wazi kwao ni nani anaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi. Signal yenyewe inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida, na mmoja wa walioiwekea pesa ni Brian Acton, mwanzilishi mwenza wa WhatsApp, ambayo Facebook waliinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 19. Aliondoka huko, akaja kutia dola milioni 50 upande wa pili. Mtu akijenga nyumba, akaiuza, kisha akachangia ujenzi wa nyingine mtaa huohuo, kuna alichokiona.

Sasa ukweli wa mtaani. Kikoba chako kiko WhatsApp. Kamati ya harusi, wazazi wa shule, ukoo mzima hadi shangazi aliyeko Muscat, wote wako huko. Mitandao ya simu inauza vifurushi vya mitandao ya kijamii ambavyo WhatsApp inakula kwa bei ya chini, na Signal inakula bando la kawaida. Humhamishi mtu kwa kumsomea sera ya faragha.

Mimi nilijaribu mwaka 2021, pale watu walipochachamaa kwa yale masharti mapya. Nilituma tangazo kwenye kundi la ukoo, nikahamia Signal, nikakaa huko peke yangu wiki mbili kama mlinzi wa godauni tupu. Baba mdogo akapiga simu kuuliza kama nimefungiwa. Nikarudi. Safari ya pili nilianza na watu wanne: mke wangu, dada zangu wawili na rafiki mmoja. Tukakubaliana mambo ya pesa, hospitali na watoto tunayaongelea Signal. Hadi leo ndivyo tulivyo, na kundi la ukoo liko WhatsApp na mimi nimo.

Mitandao iliyogatuliwa inatofautianaje na Signal?

Signal ni huria lakini ina mlango mmoja. Oktoba 20, 2025 seva za Amazon zilipopata hitilafu, Signal nayo iliyumba. Oktoba 4, 2021 ilikuwa zamu ya Facebook, WhatsApp na Instagram, zote zikalala pamoja karibu saa sita kwa sababu ziko chini ya paa moja.

Iliyogatuliwa ni kama simu za kawaida. Wewe uko Voda, mimi niko Airtel, na tunapigiana bila kujali. Hakuna anayekuambia ujiunge kwanza na mtandao wangu ndipo tuongee. Barua pepe iko hivyo tangu zamani. Mastodon, aliyoianzisha Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, imefanya vivyo hivyo kwa mtandao wa kijamii: seva nyingi, kila moja na mwenyewe na kanuni zake, zinaongea kwa lugha moja inayoitwa ActivityPub. Usipompenda mwenye seva, unahama na wafuasi wako, ingawa maandishi ya zamani yanabaki kule ulikotoka. Kwa ujumbe wa faragha kuna Matrix, inayotumiwa hata na serikali ya Ufaransa kwa watumishi wake.

Tatizo la Mastodon kwetu ni ukimya. Nina akaunti. Nikiandika kuhusu Linux kwa Kiingereza napata majibu kutoka Ujerumani ndani ya dakika kumi. Nikiandika kwa Kiswahili, wananijibu wawili walewale.

Wakizima au kuzuia, iliyogatuliwa itanisaidia?

Kuzuia na kuzima ni vitu viwili. X ilipozuiwa hapa nchini Mei 2025, mitandao mingine iliendelea, na kuzuia seva elfu moja ni kazi kubwa kuliko kuzuia moja. Lakini intaneti ikizimwa yote, Mastodon inalala pamoja na wenzake. Programu ya Briar peke yake, katika ninazozijua, inapeleka ujumbe kwa Bluetooth au waifai kutoka simu hadi simu bila intaneti, ila ni kwa watu mlio karibu, na ni ya Android. Mnatakiwa muwe mmeshaiweka na kuunganishana kabla.

Ramani nazo?

Rahisi. Weka Organic Maps, pakua Tanzania mara moja, zima data, itakuongoza. Ramani yake inatoka OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar es Salaam imechorwa kwa kina cha ajabu, mifereji na vichochoro vya Tandale vikiwemo, kwa sababu ya mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 kwa ajili ya mafuriko, wanafunzi wa vyuo wakitembea mtaa kwa mtaa. Ukiona duka lako halipo, liongeze mwenyewe.

Kuna ofisi kubwa zinazotumia hizi, au ni za mafundi tu?

Takwimu za hospitali zetu, Tanzania na Kenya, zinapita kwenye DHIS2, programu huria iliyokulia Chuo Kikuu cha Oslo. Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya baada ya vurugu za uchaguzi ili watu waripoti kilichotokea na mahali, ni huria tangu 2008 na imetumika nchi nyingi. Jeshi la jandamaria la Ufaransa lina makumi ya maelfu ya kompyuta za Ubuntu, aina nyingine ya Linux. Jimbo la Schleswig-Holstein huko Ujerumani lilitangaza mwaka 2024 kuhamisha watumishi wake wapatao 30,000 kwenda LibreOffice.

Na wapo walioshindwa. Jiji la Munich lilihamia Linux kwa miaka zaidi ya kumi, kisha mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Sababu zake zinabishaniwa hadi leo. Nawataja kwa sababu mtu anayekuuzia safari bila kukuonyesha lori lililopinduka njiani, muogope.

Nikikwama nitamuuliza nani?

Kama uko karibu, njoo. Kama uko mbali, nakili ujumbe wa kosa kama ulivyo, utafute kwa Kiingereza. Mara nyingi kuna mtu alishakwama palepale miaka mitano iliyopita. Usikubali kubandika amri usiyoielewa kwa sababu tu mtu kasema inafanya kazi.

Nikishindwa, naweza kurudi Windows?

Unaweza. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au za baadaye zina ufunguo wake halali ndani ya ubao mama, na ukisakinisha upya toleo linalolingana, inajitambua yenyewe. Wengi wamekuwa wakikraki mashine ambazo zilikuwa na leseni muda wote.

Katika niliowapigia Mint, wamerudi wawili. Mmoja kwa sababu ya programu ya uhasibu, mwingine kwa sababu ya gemu la mpira. Huyu wa gemu bado anaandika kwa LibreOffice, na juzi kaja kuniuliza Carlito inapakuliwa wapi.